Booking.com, Google Maps, TripAdvisor au Airbnb: maoni ya wageni yapi uyafuate unapochagua hoteli?

Hoteli moja ya Nungwi, Zanzibar, inaweza kuonyesha 7.9 kwenye Booking.com, nyota 4.4 kwenye Google Maps na 4.0 kwenye TripAdvisor, yote siku moja. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mtandao una mlango wake na kila mlango unaingiza watu tofauti: mmoja unadai uwe umebuki na kufika, mwingine unamkaribisha yeyote mwenye akaunti, wa tatu unamfanya mgeni naye apimwe na mwenyeji wake. Anayezilinganisha namba hizo kana kwamba ni kipimo kimoja analinganisha kilo na lita.

Na pesa iliyomo humu si ndogo. Mwaka 2012 Chris Anderson wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba hoteli ikipanda alama moja katika kipimo cha tano inaweza kuongeza bei kwa asilimia 11.2 bila kupungukiwa wateja. Maana yake, alama nzuri unailipia wewe mgeni. Maana yake pia, mwenye hoteli ana sababu nzito ya kuitafuta alama hiyo, kwa njia halali au kwa nyingine.

## Vigezo tulivyotumia

Kila chanzo tumekipima kwa maswali yale yale matano: nani anaruhusiwa kuandika, alama zinapatikanaje, zinapotoshwa wapi, zisomwe vipi, na zinamfaa nani.

Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Mwaka 2014 watafiti Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier walichapisha utafiti uliolinganisha hoteli zile zile za Marekani kwenye mitandao miwili: Expedia, ambako anaandika aliyelipia chumba tu, na TripAdvisor, ambako yeyote anaandika. Hoteli iliyokuwa na hoteli nyingine jirani ilibeba maoni mabaya zaidi kule kwenye mlango wazi kuliko kule kwenye mlango wa waliolipa. Jengo ni lile lile na vitanda ni vile vile. Kilichobadilika ni mlango.

Usitegemee pia kwamba utayanusa maoni ya uongo kwa kuyasoma. Mwaka 2011 watafiti wa Cornell walikusanya maoni 400 ya kweli na 400 ya kutungwa kuhusu hoteli 20 za Chicago, wakawapa watu wayatenganishe. Watu hao walikuwa karibu na wanaobahatisha tu. Kompyuta ilifanya vizuri zaidi, na ilichogundua kinafaa kukumbukwa: mtungaji husimulia alisafiri na nani na kwa nini, lakini hana la kusema kuhusu bafu, ukubwa wa chumba au ghorofa aliyolala, kwa sababu hakulala.

Neno moja kuhusu nyota kabla hatujaendelea. Zile nyota zinazokaa kando ya jina la hoteli ni za daraja. Afrika Mashariki vipo vigezo vya pamoja vya Jumuiya vya kupanga hoteli madaraja, na vinapima vitu vilivyopo: lifti, bwawa, ukubwa wa chumba, jiko. Haziulizi kama maji yalitoka bombani Jumapili. Hoteli ya nyota nne za daraja inaweza kuwa na wageni wenye hasira, na gesti isiyo na nyota hata moja ikawa na shuka safi kuliko zote mjini.

## Booking.com

Nani anaandika. Kampuni hii ilianza Uholanzi mwaka 1996, na mlango wake ni mwembamba. Anaandika aliyebuki kupitia humo na kufika, tena ndani ya miezi mitatu baada ya safari. Maoni yaliyopita miezi 36 huondolewa.

Alama. Ni kuanzia 1 hadi 10. Mgeni hutoa alama ya jumla, kisha alama ndogo ndogo: wahudumu, vifaa, usafi, starehe, thamani ya pesa, mahali na intaneti. Hizo ndogo ndizo za kutazama. Hoteli yenye 8.4 ya jumla, 9.4 ya mahali na 7.2 ya starehe inakuambia waziwazi kwamba bahari ni nzuri na godoro ni baya. Maneno yanayoandikwa pembeni ya namba ni ya upole mno, kwani hata hoteli ya 6 hupewa neno la kupendeza. Kwa hoteli za pwani, ihesabu 8 kuwa ndipo uzuri unapoanzia, na chini ya 7 tafuta sababu kabla ya kulipa.

Zinapopotoka. Kwa msomaji wa Kiswahili kasoro kubwa si uongo, ni nani hayumo. Mtu wa Dar es Salaam au Nakuru mara nyingi hupiga simu hotelini, huomba bei ya mkazi na hulipa kwa simu. Akilala vizuri au vibaya, Booking.com haina nafasi yake ya kuandika. Ndiyo maana maoni ya hoteli nyingi za Zanzibar ni ya Waitaliano, Wajerumani na Wafaransa waliolipa kwa dola.

Kundi la pili lisiloonekana ni wageni walioombwa na hoteli waghairi na kulipa taslimu ili kukwepa kamisheni. Ukikubali ombi hilo unapoteza haki ya kuandika, na chumba kikikosekana ukifika hakuna wa kumlalamikia. Tatu, mpangilio wa kwanza unaouona haufuati alama za wageni. Alama ya kidole gumba nayo huonyesha hoteli zilizotimiza masharti fulani na zinazolipa kamisheni kubwa zaidi. Si kosa, ila lijue.

Zisomwe vipi. Panga matokeo kwa alama za wageni. Fungua maoni, chagua aina ya msafiri inayofanana nawe (familia, wawili, peke yako, kikazi), anza na ya karibuni, kisha geuza uanze na ya chini kabisa. Kando ya kila maoni kuna mwezi wa safari na aina ya chumba alicholala mwandishi. Hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote Booking.com, na wengi hukipita. Aliyelalamika kelele za jiko huenda alilala chumba cha bei ya chini upande wa nyuma, nawe unataka kinachotazama bahari. Malalamiko yake ni ya kweli na hayakuhusu.

Zinamfaa nani. Anayebuki hoteli ya kati au kubwa katika mji asioufahamu na anayetaka uhakika kwamba waliosema walifika.

## Google Maps

Nani anaandika. Yeyote mwenye akaunti, hata aliyepita getini tu, aliyekula chipsi mgahawani, aliyehudhuria harusi ukumbini au aliyenyimwa kazi pale.

Alama. Nyota 1 hadi 5, na mtu anaweza kubonyeza nyota bila kuandika neno. Hapa hesabu ya idadi ni lazima. Chukua gesti yenye maoni sita, yote nyota tano. Akija mtu mmoja akatoa nyota moja, wastani unaporomoka kutoka 5.0 hadi 4.4. Chukua hoteli yenye maoni 600 na wastani wa 4.4: nyota moja ya mtu mmoja haionekani kabisa. Kwa hiyo 4.4 ya watu mia sita ni habari, 5.0 ya watu sita bado ni tetesi.

Zinapopotoka. Maoni ya zamani hayaondoki. Hoteli iliyouzwa, ikapakwa rangi na kubadilishwa meneja inaendelea kubeba sifa au aibu ya mwenye hoteli wa kwanza. Nyota zisizo na maneno ni rahisi kukusanywa na wafanyakazi na ndugu zao. Tena wanaosifu ukumbi wa harusi wanainua nyota za vyumba ambavyo hawajawahi kuvitia mguu.

Jambo la hatari zaidi ni namba ya simu. Google Maps humruhusu mtumiaji yeyote kupendekeza marekebisho ya taarifa za biashara, ikiwemo simu. Kabla ya kutuma kianzio kwa namba uliyoiona hapo, ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya hoteli yenyewe. Jina linalojitokeza kwenye simu unapotuma pesa liwe la biashara. Likiwa jina la mtu binafsi usiyemjua, simamisha malipo kwanza.

Zisomwe vipi. Panga kwa mapya kwanza. Kisha tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya maoni na uandike neno moja moja: maji, umeme, jenereta, mbu, kelele, parking, halafu rudia kwa Kiingereza: water, power, noise. Neno "maji" likijitokeza katika miezi mitatu tofauti kutoka kwa watu watatu tofauti, tatizo ni tangi au pampu, si bahati mbaya ya siku moja. Fungua picha za wageni, siyo za mmiliki, uangalie tarehe zake. Pembe za bafu, soketi na vyandarua husema mengi kuliko picha ya bwawa.

Zinamfaa nani. Msafiri wa ndani. Hapa ndipo utakuta gesti na loji za Mbeya, Bukoba, Kigoma au Kisii ambazo hazimo kwenye mitandao mingine, na hapa ndipo watu wetu huandika, wengine kwa Kiswahili. Wanaokagua maegesho ya gari, usalama wa mtaa na umbali kutoka stendi watapata majibu humu kuliko kwingine.

## TripAdvisor

Nani anaandika. Yeyote mwenye akaunti, bila kuonyesha kuwa alilala. Mtandao huu ulianzishwa Marekani mwaka 2000 na huchuja maoni kwa mashine na watu kabla na baada ya kuyachapisha, lakini mlango wenyewe uko wazi.

Alama. Duara 1 hadi 5, pamoja na nafasi ya hoteli katika eneo lake: ya tatu kati ya mia na kitu, kwa mfano. Nafasi hiyo inatokana na ubora, wingi na upya wa maoni. Hoteli inayowaomba wageni wake waandike kila siku inaweza kuipita hoteli bora yenye wageni wanyamavu.

Zinapopotoka. Mwaka 2012 msimamizi wa matangazo wa Uingereza aliizuia TripAdvisor kudai kwamba maoni yake yote ni ya kuaminika. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alitumia maoni ya kutungwa kulifanya banda la bustani alimokuwa akiishi, Dulwich, kuwa mgahawa wa kwanza kwa ubora London kwenye mtandao huo, wakati halikuwa likipikia mteja yeyote. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu mtu miezi tisa jela kwa biashara ya kuuza maoni ya aina hiyo. Kila mtandao ulio wazi una wauzaji wa namna hii. TripAdvisor imetajwa zaidi kwa sababu ni kongwe na ina nguvu.

Pwani yetu kuna upotofu mwingine wa upole zaidi, nao umeenea katika hoteli za malipo ya pamoja, ambako chakula na vinywaji vimo kwenye bei. Utaona maoni mengi mafupi ya duara tano yanayotaja jina la mhudumu mmoja, mwalimu wa ngoma au wa michezo ya bwawani. Mara nyingi hutokea pale wafanyakazi wanapotuzwa kwa kutajwa. Wageni hao wapo kweli na walifurahi kweli, ila waliandika kumsaidia kijana aliyewahudumia. Kuhusu chumba hawakusema kitu.

Zisomwe vipi. Faida kubwa ya TripAdvisor ni urefu. Watu huandika aya nne, hutaja namba ya chumba, hueleza kifungua kinywa. Chagua majira ya safari yako kwenye vichujio, kwani maoni yanaweza kugawanywa kwa miezi mitatu mitatu. Anza na yale ya katikati, duara tatu: mwandishi wa duara tatu hana hasira wala mahaba, hutaja zuri na baya katika sentensi moja. Bonyeza jina la mwandishi uone ameandika nini kwingine. Akaunti yenye maoni mamoja tu, yaliyoandikwa wiki ile ile na mengine kumi yanayofanana, ipuuze.

Soma pia majibu ya hoteli. Watafiti Davide Proserpio na Georgios Zervas walikuta mwaka 2017 kwamba hoteli zinapoanza kujibu maoni, alama zao hupanda kidogo, kwa wastani 0.12 ya nyota. Sababu mojawapo waliyoiona ni kwamba wenye malalamiko madogo madogo huacha kuandika wanapojua kuna mtu wa kuwajibu. Jibu zuri hutaja kilichofanyika: tumebadilisha hita, tumehamisha jenereta. Jibu la kunakiliwa, "asante kwa maoni yako, karibu tena", ni sawa na kutojibu. Na meneja anayemtukana mgeni hadharani amekuonyesha atakavyokufanyia wewe.

Zinamfaa nani. Anayepanga safari ya mara moja ya gharama kubwa: fungate, hoteli ya ufukweni kwa wiki nzima, na hasa safari ya mbugani au kupanda Kilimanjaro. Kampuni za Arusha na Moshi huishi kwa maoni ya TripAdvisor, na huko Booking.com haikufikishi mbali. Lakini kwa safari za mbugani maoni peke yake hayatoshi: kampuni ya Tanzania iombe nakala ya leseni ya TALA, yaani ya uwakala wa utalii, ya mwaka huu, na ya Kenya uliza kama ni mwanachama wa KATO, chama cha waendesha safari za utalii wa nchi hiyo.

## Airbnb

Nani anaandika. Aliyebuki na kulala, na mwenye nyumba humwandika mgeni pia. Wote wawili wana siku 14. Tangu 2014 hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote waandike au muda uishe.

Alama. Nyota 1 hadi 5, pamoja na usafi, ukweli wa tangazo, mapokezi, mawasiliano, mahali na thamani. Hapa nyota zimebanana juu. Utafiti wa Zervas na wenzake wa 2015 ulikuta wastani wa Airbnb kuwa 4.7, na karibu asilimia 95 ya nyumba zikiwa na 4.5 au 5. Hata masharti ya kuitwa mwenyeji bora yanaanzia 4.8. Kwa hiyo 4.7 inayong'aa kwenye Google Maps ni ya kawaida tu Airbnb, na nyumba yenye 4.5 isome maoni yake yote kabla ya kulipa.

Zinapopotoka. Chanzo ni adabu. Umelala ndani ya nyumba ya mtu, mmeongea, naye atakuandika. Ulimi unakuwa mzito. Airbnb hukupa pia sehemu ya kumwandikia mwenyeji faraghani, na malalamiko mengi huishia huko. Kinachobaki hadharani ni sifa zenye mashimo. "Mwenyeji alijitahidi sana maji yalipokata" ni habari ya maji. "Ni mahali pazuri kwa mtu anayelala usingizi mzito" ni habari ya klabu iliyo chini ya dirisha, na anayepanga Kilimani au Westlands jijini Nairobi asiipite sentensi hiyo.

Zisomwe vipi. Tazama kilichokosekana. Ikiwa maoni 30 yanasifu mwenyeji na hakuna hata moja linalotaja kitanda au bafu, uliza mwenyewe. Kwa kuwa mara nyingi ramani haionyeshi nyumba hasa mpaka umelipa, tafuta kwenye maoni jina la jengo, duka au barabara. Kisha mwandikie mwenyeji ndani ya programu, siyo WhatsApp, maswali mafupi: jengo lina kisima au hutegemea maji ya mgao? Jenereta inawasha nyumba nzima au ngazi na lifti tu? Majibu yaliyobaki ndani ya programu ndiyo ushahidi wako ukidai kurudishiwa pesa.

Zinamfaa nani. Familia inayotaka jiko, mwenye kazi ya wiki kadhaa mjini, na kundi la watu watano kwenda juu.

## WhatsApp, Instagram na watu unaowajua

Chanzo hiki hakina alama, ila ndicho wengi wetu tunachokitumia kwanza, basi kinastahili kupimwa kwa maswali yale yale.

Nani anaandika. Ndugu, wenzako kazini, kundi la akina mama wa mtaa, au mtu maarufu mwenye wafuasi wengi. Tofauti kati yao ni kubwa. Shemeji aliyelala Jambiani mwezi uliopita hana cha kuuza. Mtu maarufu mara nyingi amelala bure, na wakati mwingine amelipwa juu yake.

Alama. Hakuna. Kuna picha, vipande vya video na neno la mtu.

Zinapopotoka. Mwenye ukurasa wa Instagram anaweza kufuta maoni mabaya yote, kwa hiyo ukurasa wenye pongezi tupu haukuambii lolote. Matapeli nao hunakili picha za nyumba halisi, hufungua ukurasa wenye jina linalofanana, huweka bei ya chini wiki moja kabla ya Krismasi au Pasaka na kudai kianzio cha nusu. Kuhusu ndugu, kasoro ni moja: ameona chumba kimoja, safari moja.

Zisomwe vipi. Usiulize "pazuri?" Uliza maswali yenye majibu ya kukagulika: ulilipa kiasi gani kwa usiku, kifungua kinywa kikiwemo? Maji ya moto yalitoka saa ngapi? Kutoka chumbani hadi baharini ni dakika ngapi kwa miguu? Ukurasa usioujua uombe video ya moja kwa moja ya chumba, mtu akitembea kutoka getini mpaka bafuni. Tapeli hana ufunguo wa geti.

Zinamfaa nani. Anayetaka bei ya mkazi, anayeuliza mambo ambayo wageni wa nje hawaandiki (chakula cha halali, ukumbi wa sherehe, kama watoto wa shule wanakubaliwa kwa makundi), na anayekwenda mji mdogo.

## Malalamiko yasiyokuwa yako

Hapa ndipo wasomaji wengi wa maoni hukosea, hata wale wanaosoma kwa bidii. Wanachukua lawama ya mtu mwingine na kuifanya yao.

Chukua bahari. Maoni ya Paje na Jambiani yamejaa wageni waliokasirika: tulilipa kuogelea, bahari ikaondoka. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipwa huenda mbali sana kuelekea mwambani, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mgeni aliyefika siku za maji mafu, yasiyopwa sana, aliona bahari nyingine kabisa, akatoa alama kumi. Wote wawili ni wakweli. Anayetaka kuogelea saa zote atazame Nungwi na Kendwa, ambako maji hayaondoki kiasi hicho. Anayetaka utulivu, ufukwe mpana wa kutembea au michezo ya upepo achague mashariki, na akague kalenda ya mwezi kabla ya kulipa.

Chukua upepo. Hoteli ile ile iliyolaumiwa kwa upepo mwezi Julai, kusi ikivuma, husifiwa kwa utulivu Novemba. Chukua masika: Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga, nyingine hushusha bei na kutumia nafasi hiyo kukarabati. Kelele za mafundi zilizotajwa Mei hazikuhusu ukienda Agosti. Mwezi wa maoni ni nusu ya maoni.

Chukua adhana. Hoteli za Mji Mkongwe hupoteza alama kwa sababu adhana ya alfajiri huwaamsha wageni. Kwa Mwislamu anayetaka kuswali jamaa, hoteli hiyo imejisifu yenyewe. Vivyo hivyo lawama za "hakuna pombe", "chakula cha kienyeji tu" au "hakuna bwawa". Na kwa kuwa bei hufuata alama, hoteli yenye 7.8 iliyoangushwa na lawama usizozijali inaweza kukupa chumba kizuri kwa bei ya chini kuliko jirani yake wa 8.9. Faida hiyo huipati kwa kutazama namba peke yake.

Bei nayo ina mtego wake. Anayelalamika "ghali kuliko thamani" alilipa bei ya mgeni wa nje. Piga simu uulize bei ya raia au mkazi wa Afrika Mashariki, ambayo hoteli nyingi wanayo bila kuitangaza mtandaoni, kisha soma tena maoni yale.

## Uchague vipi kwa hali yako

Ikiwa unakwenda mji usioujua na huna mtu wa kumuuliza, anzia Booking.com upate orodha ya hoteli tano, kisha zipitishe Google Maps kwa maneno ya maji, umeme na kelele. Hoteli inayobaki salama kwenye milango yote miwili ina nafasi ndogo ya kukushangaza. Namba zikitofautiana sana, kuhusu chumba iamini zaidi namba ya Booking.com, na kuhusu mtaa namba ya Google Maps.

Ikiwa ni fungate au wiki nzima ufukweni, tumia saa moja TripAdvisor kwenye maoni ya mwezi wako, ya duara tatu na chini. Usimalize bila kusoma Booking.com kwa aina ya chumba utakachochukua.

Ikiwa ni familia yenye watoto na mnataka kupika, linganisha Airbnb na loji zenye jiko, lakini kataa tangazo lenye maoni chini ya kumi isipokuwa kama mtu unayemwamini ameshalala pale.

Ikiwa ni safari ya kikazi ya siku mbili, Booking.com kwa kichujio cha wasafiri wa kikazi inatosha. Tazama alama ya intaneti na ya usafi, puuza zilizobaki. Chagua chumba kinachoruhusu kughairi bure.

Ikiwa bei ndiyo inayoamua, tafuta hoteli kwa maoni ya mtandaoni, pata bei kwa simu, na ulipe kianzio kidogo kadiri watakavyokubali, kwa namba ya biashara, ukidai ujumbe wa uthibitisho wenye tarehe, aina ya chumba na kinachojumuishwa kwenye bei.

Ikiwa hoteli ni mpya, yenye maoni matatu ya sifa tupu, buki usiku mmoja tu. Omba kuongeza siku ukishaona chumba.

Na ikiwa unakwenda mahali ambako gesti hazimo kwenye mtandao wowote, fika mchana kweupe, usilipe mapokezi kabla hujaonyeshwa chumba. Fungua bomba la sinki na la bafu kwa pamoja uone kasi ya maji, vuta maji ya choo, washa feni, kagua kitasa cha mlango kwa ndani, tandua chandarua utafute matundu, na uliza jenereta huzimwa saa ngapi. Chumba cha kwanza kikishindwa, omba cha pili cha upande mwingine wa jengo kabla hujaondoka.